Mbegu Mkononi: Nasaba za Wafalme Kutoka Uvira Hadi Bethlehemu

Tarehe 26 Aprili 1858 mitumbwi ya Kannena, mtemi wa Kawele kule Ujiji, ilifika Uvira. Ndani yake walikuwamo Waingereza wawili wagonjwa. Richard Burton alikuwa na vidonda vya ulimi, hata kusema kulimwia vigumu. John Hanning Speke alikuwa haoni vizuri, na sikio lake moja lilikuwa limeharibiwa na mdudu aliyemwingia usiku hemani. Walikuja na swali moja: mto Ruzizi unatoka ziwani au unaingia? Kama unatoka, basi huenda ndio chanzo cha Nili. Wana watatu wa Maruta, aliyekuwa akitawala Uvira wakati huo, walikuja kuwatazama wageni. Walipoulizwa, walijibu kwamba mto unaingia, na wengine waliokuwapo wakasema vivyo hivyo. Wapiga kafi wa Kannena walikataa kwenda mbele hadi mlangoni mwa mto, na safari ikaishia hapo. Ilibidi Livingstone na Stanley wafike wenyewe kwenye Ruzizi mwezi Novemba 1871 ndipo wasomi wa London wakubali jambo ambalo vijana wa Maruta walilisema wakiwa wamesimama ufukweni.

Kwa wana wa mtawala Speke alitafuta habari ya maji. Miaka mitatu na nusu baadaye, akiwa amerudi Afrika na mwenzake mpya, James Grant, alianza kugawa nasaba.

Ilikuwa Karagwe, magharibi ya Ziwa Viktoria, Novemba 1861. Mwenyeji wake alikuwa Rumanika, mfalme wa ukoo wa Wahinda. Rumanika hakuwa na upungufu wa mababu. Nasaba yake ilipanda hadi kwa Ruhinda, mwasisi wa nyumba kadhaa za kifalme katika nchi zile, na kupitia kwake ikawagusa Bacwezi, watawala wa kale wa masimulizi. Mwenyewe alimsimulia Speke jinsi alivyopata kiti mbele ya ndugu zake: kila mmoja aliwekewa ngoma ndogo, nyepesi kwa macho lakini nzito kwa dawa, na aliyeweza kuiinua ni yeye tu. Speke alisikiliza haya yote, kisha akatoa yake. Alimwambia Rumanika kwamba watu wake, Wahuma, asili yao ni Uhabeshi. Kwamba huko walitawala wafalme kama Sahle Selassie wa Shoa. Na kwamba ukoo wa wafalme hao unafika kwa Mfalme Daudi. Alipendekeza pia awachukue watoto wawili wa mfalme wakasome Uingereza. Mwaka 1863 aliyaandika yote kitabuni, na kitabu kikasomwa sana.

Ushahidi wake ulikuwa macho yake. Aliona watu warefu wenye ng'ombe, akaona wengine wenye majembe, akaamua kwamba wa kwanza hawawezi kuwa wenyeji. Sehemu iliyobaki aliijaza kwa Mwanzo sura ya 9 na ya 10, zile sura za Nuhu na wanawe Shemu, Hamu na Yafethi. Wazungu wa zama zake walikuwa wamezoea kusema Hamu alilaaniwa na Waafrika wote ni uzao wake. Anayeisoma sura ya 9 taratibu ataona kwamba laana haikumwangukia Hamu hata kidogo. Ilimwangukia mwanawe Kanaani, na maneno yenyewe yanahusu nchi ambayo Waisraeli walikuja kuitwaa. Kushi, Misri na Puti, wana wengine wa Hamu, hawakutajwa katika laana. Lakini nadharia haikuhitaji usomaji wa taratibu. Ilihitaji ngazi ya kuwapandisha baadhi ya Waafrika karibu na Shemu na kuwaacha wengine chini, na jina la Daudi likawa kipandio cha juu kabisa.

Habari ya Daudi na Uhabeshi Speke hakuitunga. Wahabeshi walikuwa nayo karne nyingi kabla yake, katika kitabu chao Kebra Nagast cha karne ya 14, kinachosimulia jinsi Malkia wa Sheba alivyomzalia Sulemani mwana, Menelik, na jinsi Sanduku la Agano lilivyohamia Aksum. Kitabu hicho kilikuwa na kazi ya kufanya. Mwaka 1270 Yekuno Amlak alikuwa ameuondoa utawala wa Wazagwe na kudai kwamba kwa mikono yake ukoo wa Sulemani umerudi kitini. Nasaba iliandikwa ikamilike baada ya kiti kukaliwa. Karibu miaka mia saba baadaye, katiba ya Ethiopia ya 1955 ilitamka bado kwamba Haile Selassie ametokana na Menelik, mwana wa Sulemani na Malkia wa Sheba. Alipinduliwa mwaka 1974. Speke alichukua dai hilo, ambalo mahali pake lilikuwa na maana na wenyewe, akalivusha mipaka kwenda kwa watu ambao hawakuliomba.

Watu wa kaskazini ya Tanganyika wanaijua kazi ya nasaba kwa sababu wameishi ndani yake. Teritwari ya Uvira ina sheferi tatu: ya Bavira, ya Bafuliiru, na ya Uwanda wa Ruzizi iliyoitwa zamani ya Barundi. Kila moja ina nyumba ya mwami, na kila nyumba ina simulizi la ilikotoka. Masimulizi ya Bavira na ya Bafuliiru yanaelekeza kidole mahali pamoja: Lwindi, kwenye milima ya Mwenga, anakotawala mwami aitwaye Nalwindi. Bahamba wa Bufuliiru wanamtaja babu yao Kahamba. Ukimsikiliza mzee akihesabu, utamsikia akishuka kutoka Lwindi, bonde kwa bonde, hadi kilima anachokalia mwami wa leo, na utagundua kwamba ametaja majina na mipaka ya ardhi kwa pumzi moja. Nani alifika kwanza, nani alipokewa na nani, nani alitoa kodi kwa nani: yote yamo katika orodha ya mababu. Ndiyo maana orodha mbili za ukoo mmoja zinaweza kutofautiana na kila moja ikawa na watetezi wakali.

Ng'ambo ya Ruzizi, kwa ndugu zetu Warundi, hesabu ilikuwa ya ustadi zaidi. Wafalme wao walipokezana majina manne kwa zamu: Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa, kisha Ntare tena. Ukimjua mfalme wa leo unamjua wa kesho kwa jina, hata kama hajazaliwa. Mpango huu ni mzuri kwa kumbukumbu na ni mgumu kwa mwanahistoria. Orodha zilizozoeleka zilihesabu mizunguko minne, yaani wafalme kumi na sita. Mwanahistoria Jan Vansina alipozichambua alipata ushahidi wa mizunguko miwili tu, mingine ikiwa ni mwangwi wa majina yaleyale. Karne nzima au zaidi ya historia inategemea ukubali hesabu ipi.

Hata mwanzo wa ukoo huo una njia mbili. Simulizi moja linamleta Ntare Rushatsi, mwasisi, kutoka upande wa Kanyaru, kaskazini, kwa hiyo anakuwa jamaa wa wafalme wa Rwanda. Jingine linamleta kutoka kusini-mashariki, upande wa Nkoma na Buha. Mwanahistoria Jean-Pierre Chrétien alionyesha kwamba simulizi la Kanyaru ndilo lililopendwa na wamisionari na watawala wa kikoloni, kwa sababu lilikubaliana na fikra yao ya wafugaji watawala walioshuka kutoka kaskazini. Mkono wa Speke ulikuwa umefika hadi kwenye chaguo la babu gani aandikwe shuleni.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo kwangu ndilo la thamani kuliko orodha zote. Warundi walisema mtoto atakayekuwa mwami huzaliwa akiwa amefumba mbegu mkononi. Mfalme aliyefungua mwaka wa kilimo kwa sherehe ya muganuro, aliyeruhusu mtama kupandwa, alipaswa kuja duniani na mbegu. Walinzi wa siri za kifalme, banyamabanga, ndio waliojua ni kiganja cha nani kilikutwa nazo. Mtu wa nje atasema walizitia wenyewe. Huenda. Lakini angalia maana yake: kuzaliwa na baba mfalme hakukutosha. Wana wa mfalme walikuwa wengi, na damu ilikuwa moja. Aliyehitajika alikuwa yule ambaye alama ilimtangulia.

Ndiyo sababu Kilima aliweza kuitikisa nchi. Huyu alikulia Bufuliiru, upande huu wa Ruzizi, na mwishoni mwa karne ya 19 alivuka mto akidai kuwa mjukuu wa Ntare Rugamba, yaani ana haki ya kiti alichokalia Mwezi Gisabo. Waliomuunga mkono waliiamini nasaba yake. Waliompinga walimwona mvamizi wa ng'ambo. Alishika kaskazini-magharibi ya Burundi, na mwaka 1903 kapteni Mjerumani von Beringe, aliyetaka kumdhoofisha Mwezi, akamtambua. Mwezi alisalimu amri kwa mkataba wa Kiganda mwezi Juni mwaka huohuo. Mjerumani hakuchunguza mbegu wala ngoma. Alihitaji mpinzani, na nasaba ilikuwa tayari.

Kisha ardhi ya wafalme ilipokuwa imekwisha kutawaliwa na wengine, unabii ukaanza kusema. Mwaka 1934, huko Ndora, katika milima hiyohiyo ya kaskazini-magharibi, mwanamke aitwaye Inamujandi alitangaza kuja kwa mfalme mpya ambaye angewaondoa Wazungu. Wabelgiji waliizima harakati hiyo kwa nguvu. Wakati huo mwami Mwambutsa Bangiricenge alikuwa hai, kitini, chini ya ulinzi wa Ubelgiji. Watu walikuwa na mfalme, na bado walimsubiri mfalme.

Hapa ndipo msomaji wa ufuko wetu anapoweza kuwatangulia wafafanuzi wengi wa Biblia.

Ahadi kwa Daudi imo katika 2 Samweli sura ya 7. Daudi anataka kumjengea Mungu nyumba. Nabii Nathani anamletea jibu kwamba ni Mungu atakayemjengea yeye nyumba, na kiti chake kitadumu. Kama ingekuwa hati ya kawaida ya kifalme, ya aina ya Kebra Nagast, habari ingeishia hapo: mwenye kiti ana haki, watoto wake wana haki, wengine wanyamaze. Na kweli Daudi hakuwa ngano. Jiwe lililochimbuliwa Tel Dan mwaka 1993, la karne ya 9 KK, linataja nyumba ya Daudi kama ukoo unaotawala, na walioliandika walikuwa maadui zake.

Lakini kiti hakikudumu. Mwaka 597 KK Nebukadneza alimchukua mfalme kijana Yehoyakini, ambaye Biblia humwita pia Yekonia, akampeleka Babeli. Miaka kumi hivi baadaye Yerusalemu ikachomwa na hekalu likabomolewa. Katika magofu ya Babeli wachimbuaji Wajerumani walipata vibao vya udongo vya ghala la mfalme, vilivyotangazwa mwaka 1939. Kimojawapo ni cha 592 KK. Ni orodha za posho. Humo ameandikwa mfalme wa Yuda, kwa jina lake, na kipimo chake cha mafuta, pamoja na wanawe watano na mafuta yao. Hakuna ushahidi ulio mkavu kuliko huo: uzao wa Daudi kwenye daftari la mtunza ghala.

Sasa mweke Yeremia kando ya kibao hicho. Katika sura ya 22 nabii anaagiza mtu huyu aandikwe kama asiye na mtoto, kwa maana hakuna wa uzao wake atakayeketi katika kiti cha Daudi. Karani wa Babeli anaandika watoto watano. Nabii anaandika sifuri. Wote wawili wako sahihi, kila mmoja kwa daftari lake. Karani anahesabu vinywa vya kulishwa. Yeremia anahesabu wafalme.

Na unabii ule tunaoimba Krismasi, chipukizi kutoka shina la Yese katika Isaya 11, ni wa mti uliokatwa. Nabii hasemi tawi la Daudi mfalme. Anarudi nyuma hadi kwa Yese, mkulima wa Bethlehemu mwenye kondoo, kana kwamba ukoo uanze upya kabla haujawa wa kifalme. Mika naye anaipita Yerusalemu na kwenda Bethlehemu, kijiji kidogo. Baada ya uhamisho, Hagai alimwambia Zerubabeli, mjukuu wa Yekonia na liwali chini ya Waajemi, kwamba atafanywa pete ya muhuri, na kumbe Yeremia alikuwa amesema babu huyo, hata angekuwa pete ya muhuri, angeng'olewa kidoleni. Zerubabeli alijenga hekalu, lakini hakuketi kitini. Baada yake hakuna mtu wa ukoo wa Daudi anayetajwa kutawala Yuda. Tumaini la Masihi lilikua katika utupu huo, miaka mia tano, likilindwa na watu waliotozwa kodi na wafalme wa wengine.

Mathayo anapoandika sura yake ya kwanza anaandika kwa wasikilizaji wa namna hiyo. Vizazi kumi na vinne kutoka Ibrahimu hadi Daudi, kumi na vinne hadi uhamisho, kumi na vinne hadi Kristo. Msikilizaji wa Ntare na Mwezi atatabasamu: huu ni mzunguko. Na kama ilivyo kwa mizunguko, umenyooshwa kwa makusudi. Kati ya Yoramu na Uzia, Mathayo ameruka wafalme watatu waliomo katika vitabu vya Wafalme, yaani Ahazia, Yoashi na Amazia. Fungu la mwisho ukilihesabu kwa vidole lina majina kumi na matatu, isipokuwa umhesabu Yekonia mara mbili. Wapo wanaofadhaika kwa hilo. Mzee yeyote wa Lwindi angewauliza ni nasaba gani waliyowahi kuisikia isiyorukwa.

Kinachostahili kushangaza ni kile ambacho Mathayo hakukiruka. Amemwacha Yekonia mahali pake, na laana yake. Irenaeus wa Lyon, katika karne ya 2, aliona ugumu huo na kuutumia kama hoja kwamba Yesu hakuweza kuwa mwana wa Yusufu kwa mwili. Tena ameingiza wanawake, ambao mwandishi wa nasaba za kifalme angewasahau kwa furaha. Tamari aliyejifanya kahaba ili baba mkwe wake ampe uzao. Rahabu wa Yeriko. Ruthu Mmoabi, na sheria ya Kumbukumbu 23 inawafungia Wamoabi mlango wa kusanyiko hata kizazi cha kumi. Na yule ambaye Mathayo hamtaji hata kwa jina lake mwenyewe, bali kwa jina la mume aliyeuawa: mke wa Uria. Daudi anaingia katika orodha akiwa mfalme, na kabla msomaji hajapumua anatajwa kama mwizi wa mke wa askari wake. Speke angeiona nasaba hii, asingempelekea Rumanika kama zawadi.

Luka anapita njia nyingine. Anaanzia kwa Yesu na kupanda, majina 77 hadi Adamu. Kutoka kwa Daudi hapiti kwa Sulemani na wafalme. Anapita kwa Nathani, mwana wa Daudi ambaye hakutawala, na nyumba ambayo haikukaa kitini. Njia hizo mbili zinakutana kwa Shealtieli na Zerubabeli, kisha zinaachana tena, na zinafika kwa Yusufu kwa baba wawili: Yakobo kwa Mathayo, Eli kwa Luka.

Julius Africanus, mwandishi Mkristo wa karne ya 3, alilieleza hilo kwa desturi ambayo katika jamii nyingi za ufuko huu haihitaji maelezo. Mama mmoja, Estha, aliolewa na mtu wa mstari wa Sulemani akamzaa Yakobo. Mume alipokufa aliolewa na mtu wa mstari wa Nathani akamzaa Eli. Eli alikufa bila mtoto. Yakobo akamrithi mjane wa ndugu yake na kumwinulia uzao, naye ndiye Yusufu: mwana wa Yakobo kwa mwili, mwana wa Eli kwa sheria. Nimeona vitabu vya ufafanuzi vya Ulaya vikitumia kurasa nyingi kuwaeleza wasomaji wao mpango huo unawezekanaje. Kwetu swali lingekuwa moja tu, la mahari: ilirudishwa au haikurudishwa?

Africanus anasimulia zaidi. Anasema Herode, aliyekuwa na aibu ya asili yake isiyo ya Kiisraeli, alichoma kumbukumbu za nasaba ili asiwepo mtu wa kujivuna mbele yake, na kwamba jamaa za Yesu, watu wa Nazareti na Kokaba, walizihifadhi za kwao kwa kichwa na kwa maandishi waliyoyaficha. Wanahistoria hawana uhakika na moto huo. Lakini mantiki yake inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kuona mtawala mpya akianza kazi kwa kuchukua ngoma na vifaa vya yule wa zamani.

Na watawala waliiogopa nasaba hiyo. Eusebius, mwanahistoria wa Kanisa, akimnukuu mwandishi wa kale Hegesippus, anaeleza jinsi Kaisari Domitiano, katika miaka ya mwisho ya karne ya kwanza, alivyoletewa wajukuu wawili wa Yuda, ndugu ya Yesu, kwa kosa la kuwa wa ukoo wa Daudi. Aliwauliza kama kweli ni wa ukoo huo, wakakubali. Aliwauliza mali yao. Wakasema wawili hao wana shamba la plethra 39, lenye thamani ya dinari elfu tisa, nao hulilima wenyewe na kulilipia kodi. Wakamwonyesha viganja vilivyokauka kwa jembe. Kaisari aliwadharau, akawaachilia.

Injili hizi zilifika Uvira kwa njia mbalimbali. Mapadri Weupe walikuwa wamefika Ujiji mwaka 1879 na kupoteza watatu wao Rumonge mwezi Mei 1881. Wapentekoste wa Kiswidi walifika Uvira mwaka 1921. Jimbo Katoliki la Uvira lilianzishwa 1962, chini ya wamisionari Wasaveri. Kila 17 Desemba parokia zake husomewa nasaba ya Mathayo nzima, jina kwa jina. Katika nchi jirani, ufalme wa Kristo ulikutana na ufalme wa bami moja kwa moja: Yuhi Musinga wa Rwanda alikataa ubatizo, akaondolewa kitini Novemba 1931, na akafia uhamishoni Moba, kwenye ziwa letu hili, mwaka 1944. Mwanawe Mutara Rudahigwa alibatizwa, na tarehe 27 Oktoba 1946 akaiweka nchi yake chini ya Kristo Mfalme.

Zawadi ya Speke nayo iliendelea kuzunguka, na ikageuka upande. Walioambiwa wametoka Uhabeshi kwa damu ya Daudi, Watutsi wakihesabiwa kati yao, walikuja kuambiwa warudi huko. Tarehe 22 Novemba 1992, Kabaya, Rwanda, mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia umati kwamba Watutsi watarudishwa Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo, na mwaka 1994 mito ilibeba maiti. Ni nasaba ileile, yenye vituo vilevile. Hadi leo wapo, hasa miongoni mwa walio ughaibuni, wanaoishikilia kama heshima na kujiita Waebrania wa Afrika, na wapo wanaoishikilia kama shtaka. Pande zote mbili zinamnukuu yule msafiri bila kumtaja.

Kongo yenyewe iliifanya nasaba kuwa sheria. Sheria ya uraia ya 29 Juni 1981 ilimtaka Mzaire athibitishe kwamba babu yake alikuwa wa kabila lililokuwa ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Agosti 1885. Hakuna ofisi ya Uvira iliyokuwa na daftari la siku hiyo. Kilichokuwapo ni wazee, masimulizi na mizozo. Kwa Banyamulenge, Watutsi wa milima iliyo juu ya mji, swali hilo lilikuwa kali kuliko kwa wote. Mwezi Oktoba 1996 naibu gavana wa Kivu Kusini aliwapa wiki moja waondoke. Kabla mwezi haujaisha Uvira ilikuwa imetekwa na vita vikubwa vimeanza, vita vilivyowaua Bafuliiru, Bavira, Babembe, Barundi na Banyamulenge wenyewe, kila kundi kwa zamu yake na kwa vilio vyake. Sheria ya 12 Novemba 2004 ilisogeza tarehe hadi uhuru, 1960. Mabishano hayakusogea kiasi hicho. Mwezi Aprili 2012 mwami wa Uwanda wa Ruzizi, Floribert Ndabagoye, aliuawa, na swali la nani ana haki ya kutawala uwanda ule likafunguka tena na damu yake.

Waliorudi kutoka Babeli walikuwa na sheria ya namna hii. Ezra sura ya 2 inahesabu walioandamana na Zerubabeli, ukoo kwa ukoo, na inapokaribia mwisho inakwama. Watu 652 wa nyumba za Delaya, Tobia na Nekoda walishindwa kuonyesha kama wao ni wa Israeli. Nao makuhani wa nyumba tatu, Hobaya, Hakosi na Barzilai, walitafuta majina yao katika kumbukumbu za nasaba wasiyaone, wakaondolewa katika ukuhani. Liwali hakuwafukuza. Aliamuru wasile vitu vitakatifu mpaka asimame kuhani mwenye Urimu na Thumimu, atakayeuliza kwa Mungu. Kitabu hakisemi popote kwamba kuhani huyo alisimama.

Lakini fungua Nehemia sura ya 3, orodha ya waliojenga upya ukuta wa Yerusalemu, karibu miaka mia baadaye. Katika mstari wa 4 yumo Meremothi, mwana wa Uria, mwana wa Hakosi, akitengeneza sehemu yake. Katika mstari wa 21 yumo tena, na sehemu ya pili.